Maneno Chini ya Baba Mkubwa

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba Mkubwa alipofikisha siku ya tatu, ndiye aliyewagawia wenyeji majembe, kisha akatafuta pa kukaa ili awasimamie vizuri.

Alikuja kumzika mdogo wake. Alikuja na mkoba mmoja, suti moja, na miwani ya kusomea ambayo hakuna aliyepata kuiona puani kwake, kwa kuwa mwanamume wa hadhi yake, alivyosema, haonwi na watu akihangaika na herufi. Msiba ukaisha, watu wakatawanyika, viti vya kukodi vikarudishwa kwa mwenyewe. Kikabaki kiti cha marehemu, kile kipana chenye mikono ya mbao kinachotazamana na televisheni, na katika kiti hicho akabaki Baba Mkubwa. Ukoo ulipokutana kuchagua msimamizi wa nyumba, ulimchagua yeye, kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa, pili kwa kuwa wenzake wote walikuwa na shughuli. Yeye shughuli hakuwa nayo. Huu ulikuwa mwaka wa nne, na bado haijampata.

Aliowasimamia walikuwa wawili: mjane wa mdogo wake, aliyemwita shemeji na kumfulia nguo, na binti wa pekee wa mjane huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Jicho.

Jicho ndiye aliyeilisha nyumba. Aliilisha kutoka chumba cha uani, kilichokuwa stoo ya baba yake, chenye dirisha moja tu. Lakini dirisha hilo lilikuwa shamba lake. Hatua tatu nje ya dirisha ulisimama ukuta mweupe wa jirani, na jua lilipoupiga ukuta ule, mwanga ulirudi chumbani umelainika, hauna makali, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Taa za studio za kutoa mwanga wa namna hiyo huuzwa kwa bei ya pikipiki. Jicho aliupata bure, juu ya meza iliyotandikwa shuka jeupe. Picha alizopiga pale alizipakia kwa wakala wa mtandaoni, auzaye picha kwa yeyote azitakaye: gazeti, benki, mtengeneza kalenda. Picha ikipakuliwa, mpigaji hupata kisehemu. Kisehemu chenyewe hakinunui kiberiti. Lakini picha elfu moja na mia nne zikipakuliwa huku na kule, mwezi baada ya mwezi, hununua gesi, umeme, dawa za presha za Mama, na chakula cha mtu aliyekaa kitini.

Mwanzoni alifanya ujinga wa kila mwanagenzi. Alipiga maua, alipiga paka, alipiga jua likizama. Wakala alikuwa na majua yanayozama ya kutosha kuichoma dunia mara mbili. Akamrudishia yake yote bila hata kusema pole. Ndipo Jicho akajifunza kwamba kinachouzwa ni kile ambacho hakuna anayeona haja ya kukipiga: mkono unaosugua sufuria, waya wa chaji uliofungwa kwa plasta, kijiko kimoja kwenye droo tupu.

"Kupiga picha vijiko," alisema Baba Mkubwa, "nayo ni kazi? Mtu mzima na akili zake anunue picha ya kijiko! Kwao hakuna vijiko?"

"Vipo, Baba Mkubwa. Hawana nafasi ya kuvipiga."

"Basi wajinga wamejaa duniani."

"Wamejaa," alisema Jicho, akimwondolea sahani.

Ila kupiga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni maneno. Chini ya kila picha mpigaji huandika maneno ya kutafutia, kumi, ishirini, hata hamsini, maana mnunuzi hafiki akitafuta picha ya Jicho. Hafahamu kama Jicho yupo. Hufika na neno. Huandika "uchovu," au "mkono," au "kodi ya nyumba," na picha zilizobeba neno hilo ndizo zinazomjia. Picha yenye neno la uongo ni barua iliyoandikwa anwani ya mtu mwingine: itasafiri sana, haitafika.

Wakala alikuwa na kurasa za lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na Kiswahili chake kiliandikwa na mashine. Kilikuwa cha kutia kinyaa. Chini ya picha ya pasi mashine iliandika "chuma." Chini ya mswaki, "brashi ya jino." Wapigaji wengine waliyaacha yalivyo, maana hakuna aliyelipwa kuyasahihisha. Jicho hakuweza. Lugha iliyomnyonyesha isimame mbele ya dunia nzima imevaa nguo nyuma mbele, na yeye apite tu? Kila alfajiri, kabla mwanga haujakaa vizuri, alifungua picha zake moja moja, akafuta takataka za mashine na kuandika neno lenyewe, lile ambalo mtu mwenye lugha yake angelisema. Hicho ndicho kilichokuwa kiburi chake, na hicho ndicho kilichokuja kumponza.

Sasa, Baba Mkubwa aliposikia kwamba hata watu huuzwa, si vijiko tu, alivaa suti.

"Nipige," alisema. "Nipige vizuri. Hii sura usiichezee."

Jicho akampiga, pale pale kitini, maana kuhama hakutaka. Akampiga kidevu mkononi. Akampiga akitazama mbali, kule waliko watu wenye mawazo mazito. Akampiga akiwa na simu sikioni, simu ambayo haikuwa na chaji. Kisha akamletea fomu ya ridhaa, kwa kuwa wakala hapokei sura ya mtu bila sahihi yake. Alimsomea kwa sauti: ninakubali picha zote zilizopigwa siku hii zitumike kuonyesha hali yoyote.

"Zote, zote," alisema Baba Mkubwa, akipunga kalamu. "Usinibakizie."

Sahihi yake ilikuwa kubwa kuliko elimu yake. Ilianza mahali pake, ikapanda juu ya tarehe, ikakunja kona na kumeza nafasi ya shahidi. Wakala akaikataa fomu. Baba Mkubwa akasaini ya pili. Mkia wa sahihi ukatoka nje ya karatasi. Ya tatu ikakubaliwa, kwa sababu Jicho alimchorea kisanduku kwa penseli na kumwambia asivuke. Mara tatu fomu ile ilipita mikononi mwake, na mara tatu miwani ilikaa mfukoni.

Baada ya hapo alikula. Baada ya kula, alifanya afanyavyo baada ya kula. Jicho alikuwa akirudisha kamera kwenye mfuko alipogeuka akamwona: mtu katika suti kamili, tai imemwangukia begani, mdomo wazi, rimoti imeshikwa kifuani kama hati ya kiwanja, miguu imenyooshwa katikati ya sebule, na kidole gumba kimechungulia kwenye tundu la soksi. Nyuma yake, katika ukungu wa lenzi, sura haionekani, Mama alikuwa ameinama akifagia kuzunguka miguu ile, kwa ustadi wa mtu aliyekwisha kuizoea, kama maji yanavyozunguka jiwe.

Alibonyeza mara moja. Siku ilikuwa ile ile.

Zile za kidevu mkononi alizipakia kwanza, na kwa heshima ya ukoo akaziandikia maneno ya heshima: kiongozi, busara, mafanikio, mzee wa kutegemewa. Miezi minane hakuna aliyezipakua, hata kwa kukosea kubonyeza. Hapo mezani kwa wakala viongozi na busara zao wamerundikana kama viatu mlangoni mwa msiba. Nani atamwona wa kwetu?

Mwezi wa tisa mapato yalipopungua, na dawa za Mama zilipokuwa zimebaki za siku nne, Jicho akarudi kwenye ile ya mwisho. Akaipakia. Akaanza kuandika: "mapumziko." Akaitazama tena. Mapumziko hufuata kazi. Hapa kazi ilikuwa inafanywa nyuma, na mtu mwingine. Akafuta. Akakaa kitako, akaandika alichokiona, kimoja kimoja, na mashine ilipoleta Kiswahili chake cha mawe, akakifuta na kuweka cha kwake.

Wiki haikuisha, picha ilipakuliwa. Kisha mara sita kwa siku moja. Gazeti la nchi ambayo Jicho hajui hata inakaa upande gani liliiweka juu ya makala ya wanawake na kazi za nyumbani. Chama cha wafanyakazi kikaichukua. Mtu akaitia kwenye jalada la kitabu cha ushauri wa ndoa. Ikauzika kama karanga mpirani. Katika picha zote elfu moja na mia nne, hakuna iliyowahi kuifikia. Dunia nzima, kumbe, ilikuwa ikimtafuta Baba Mkubwa kwa miaka. Ilikuwa tu haijaambiwa jina lake.

"Naona mtungi mpya wa gesi," alisema Baba Mkubwa siku moja, macho kwenye televisheni.

"Picha yako inauzwa sana."

"Ipi?"

"Ile uliyokaa kitini."

Na kweli alikuwa amekaa kitini katika zote. Tangu siku hiyo hakukalika karibu yake. Kwa kinyozi alijiita sura ya kimataifa. Aliyemdai aliambiwa asubiri, mtu wa kimataifa hasukumwi. Mwishowe akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu: akatoka nyumbani kwa miguu yake, hadi duka la kuchapisha, akamwambia mwenye duka amtafutie, kwenye ukurasa wa Jicho kwa wakala, ile picha inayoongoza.

Mwenye duka, mama mmoja mtu mzima asiyechapisha kitu bila kukisoma, aliitazama skrini kwa kitambo.

"Mzee, ni hii?"

Baba Mkubwa akainama. Aliona suti. Aliona kiti. Aliona macho yaliyofumbwa. "Hapo nilikuwa natafakari," alisema.

"Nikutolee picha peke yake, au na maneno ya chini?"

"Na maneno. Yote. Usinibakizie."

Akaitia kwenye fremu yenye kioo, akairudisha nyumbani, na Mama akaamriwa apigilie msumari ukutani, juu ya televisheni, ili mwenye picha aweze kujitazama bila kugeuza shingo. Jicho alipotoka uani akaikuta pale. Chini ya picha, kwa herufi nyeusi safi, maneno yote yalikuwa yamejipanga. Akamtazama Mama. Mama akatazama nyundo.

"Mbona mmekaa kimya?" aliuliza Baba Mkubwa. "Haijakaa sawa?"

"Imekaa sawa, shemeji," alisema Mama.

Ikakaa sawa siku tano. Jirani alikuja kuazima ngazi, akasimama mbele ya fremu, akaondoka mbio amejiziba mdomo, ngazi ameiacha. Baba Mkubwa alisema watu wa siku hizi hawana staha mbele ya sanaa.

Jumapili akaja Shangazi, dada wa Baba Mkubwa na marehemu, karani mstaafu wa mahakama. Alipokea shikamoo ya Jicho, akampa wifi yake mfuko wa sukari, akavaa miwani yake bila haya yoyote, na kusogea ukutani.

"Soma, dada," alisema Baba Mkubwa, akijinyoosha. "Soma kwa sauti, wasikie na hawa."

Shangazi akasoma, kwa sauti ile ile aliyosomea mashtaka miaka thelathini.

"Mwanamume. Suti. Kiti. Usingizi."

Baba Mkubwa alikuwa anatabasamu.

"Mvivu. Mdoezi. Kula na kulala. Majivuno. Mzigo wa familia." Shangazi akavuta pumzi, akaweka sawa miwani. "Mwanamke anafagia. Kazi isiyoonekana."

Televisheni iliendelea kuongea peke yake.

"Rudia," alisema Baba Mkubwa.

"Nirudie lipi, kaka? Mdoezi?"

"Nani kaandika huo upuuzi?"

"Mashine, shemeji," Mama aliwahi kusema. "Ni mashine ndiyo huandika. Jicho alishaniambia, mashine haijui Kiswahili."

Mlango wa kujinasua ulikuwa umefunguliwa pale, mpana, na Mama ndiye aliyeufungua. Jicho alihitaji kuitikia kwa kichwa tu. Angeitikia, mashine ibebe lawama, chai inywewe. Lakini alifikiria ile "chuma" na ile "brashi ya jino," akasikia vibaya moyoni kwamba neno zuri vile lipewe mashine iliyoita pasi chuma.

"Mashine haijui neno mdoezi, Mama," alisema. "Niliandika mimi."

Baba Mkubwa aliwaka. Alimwaga maneno yote aliyokuwa ameyahifadhi kwa miaka minne ya kukaa: mtoto asiye na adabu, mtoto aliyelelewa na kamera, baba yake huko aliko anajigeuza. Yote aliyasema akiwa amekaa.

"Ngoja, kaka," alisema Shangazi. "Kwetu mahakamani tulikuwa tunauliza kwanza kama ni uongo. Hapo ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa natafakari!"

"Mdomo wazi?"

"Ndivyo ninavyotafakari!"

"Na kazi? Una kazi gani siku hizi, nimwambie afute hilo neno?"

"Mimi ni msimamizi wa nyumba hii!" Akapiga mkono wa kiti. "Na kwa kuwa ni msimamizi, sikilizeni. Kile chumba cha uani kinyozi anakitaka, ameshaniuliza. Huyu aniombe radhi hapa, mbele yenu, na yale maneno ayabadilishe aweke ya adabu. Kiongozi. Busara. Heshima. Akikataa, ufunguo niupate leo hii."

"Hayo ya adabu yalikaa miezi minane, Baba Mkubwa," alisema Jicho. "Hakuna aliyekutafuta."

Mama alikohoa. Si kikohozi, alikuwa amezuia kicheko kikamtokea puani. Kisha, kwa sauti ya mtu anayejisemea jikoni, akasema, "Ila hukuandika soksi."

"Nini?" Baba Mkubwa alimgeukia.

"Soksi, shemeji. Picha nzima mimi naona soksi. Ndimi ninayezifua."

Shangazi alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alipoivaa tena, akamsogelea Jicho, akamshika bega.

"Mwanangu, sikiliza. Usimamizi alipewa na ukoo, chumba anaweza kukitoa, na kukirudisha itachukua vikao vya ukoo. Samahani ni neno tu. Litamke, linywe na chai, asubuhi umeshalisahau, na dirisha lako unalo."

Hakuwa na ubaya, Shangazi. Alikuwa anasema kama wanavyosema watu wenye kwenda kazini Jumatatu. Jicho alilifikiria dirisha. Alifikiria ukuta wa jirani saa nne asubuhi, na meza, na shuka jeupe, na jinsi mwanga ule unavyokikalia kijiko mpaka kijiko kikaonekana kina jambo la kusema. Asingeupata kwingine kwa fedha alizonazo. Kinyozi angelipaka dirisha rangi, abandike vichwa vya watu.

Kisha akamtazama mtu aliye kitini. Jicho alikuwa akila kwa kuweka neno sahihi chini ya kitu sahihi. Miaka minne nyumba nzima ilikuwa imemwandikia huyu maneno ya uongo: mlezi, mkubwa wetu, nguzo. Na hakuna hata mmoja aliyepata kitu kwa uongo huo, ila yeye.

Alitoa ufunguo mfukoni. Akauweka juu ya meza ya chai, katikati ya sebule.

"Ufunguo huo hapo," alisema.

Baba Mkubwa aliutazama. Kutoka kitini hadi mezani zilikuwa hatua tatu.

"Niletee hapa."

Jicho hakusogea. Shangazi alichukua kikombe chake akapuliza chai. Baba Mkubwa akanyoosha mkono. Mkono ukaishia hewani, mbali na meza, vidole vikiuita ufunguo. Mama aliinuka nusu, mgongo umeshaanza kuinama, kwa mazoea tu, kama mtu anavyoinuka akisikia mtoto analia. Alifika katikati ya kuinuka. Akasimama hapo kidogo, akamtazama binti yake, akautazama ufunguo. Kisha akakaa. Akavuta kitambaa chake magotini, akakinyoosha vizuri.

"Shemeji," alisema Baba Mkubwa. "Ufunguo."

"Nauona, shemeji," alisema Mama.

Kiti kililia kidogo chini ya Baba Mkubwa, kama anayetaka kujiinua. Hakikulia tena. Ukutani, juu ya televisheni, suti iliendelea kulala.

"Haya," alisema, sauti imeshuka, mkono bado uko hewani. "Ufunguo utaletwa tu. Na radhi yangu je?"

Jicho alikuwa ameshachukua mfuko wa kamera.

"Radhi siombi, Baba Mkubwa."